Ukienda Mtumbani Kutafuta Sketi, Nunua Gauni

Kwenye meza za mitumba pale soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, sketi nzuri huwa zimeshachaguliwa asubuhi na mapema na wenye maduka. Zinazobaki ama zinabana ama bei yake imepandishwa kwa sababu muuzaji anajua zinatafutwa. Kwa hiyo mimi sketi siziulizi. Nainamia magauni makubwa, yale mapana ambayo kila dada anayainua, anacheka, anayarudisha. Bei yake huwa ya chini na kitambaa ni kingi, nami nikifika nyumbani nakata sehemu ya juu, ya chini naigeuza sketi.

Uzuri wa gauni pana ni kwamba pindo la chini limeshashonwa kiwandani, limenyooka. Pindo ndilo linaloumbua mshono wa nyumbani. Ukiliacha lilivyo, kazi yako yote inabaki kiunoni, na kiuno kinafunikwa na blauzi.

Ukilishika gauni, lielekeze kwenye jua uone matundu. Livute kwa upana: kitambaa kilichochoka hulia kabla hakijachanika. Madoa ya kwapani yasikutishe, utayakata. Angalia kuanzia kifuani kwenda chini tu, na hayo madoa ya kwapani uyatumie kuteremsha bei. Nguo za kuvutika kama tisheti mimi naziacha, hasa kwa anayeanza, maana cherehani ya kawaida huzitafuna.

Nyumbani, fua na upige pasi kwanza. Pamba inaweza kurudi, na afadhali irudi kabla hujaikata. Kisha pima kutoka pindo kwenda juu urefu unaoutaka, ongeza inchi moja na nusu ya kupitishia lastiki pana ya inchi moja, chora kwa kipande cha sabuni kilichokauka. Kabla ya kukata, pima mzunguko wa hapo ulipochora, mbele na nyuma: lazima uzidi mzunguko wa nyonga zako kwa inchi mbili hivi, la sivyo sketi haitapanda. Lastiki iwe fupi kuliko kiuno chako kwa inchi mbili au tatu. Kama gauni lina zipu mgongoni, ifumue yote na uufunge mshono. Ukiikata katikati, kishikizo kitachomoka na meno yatakukwaruza. Bitana usiitupe, ikate sawasawa na uishone pamoja na kitambaa cha juu.

Mashati ya kiume ndiyo ninayoyapenda zaidi, yale makubwa ya pamba yenye mistari. Tatizo lake ni urefu. Ukikata chini ya kwapa unabaki na inchi kumi na nane, ishirini ukibahatika, na hiyo ni sketi ya kuvalia ndani kwako. Nunua mawili yanayoelewana rangi. La kwanza, likatwe chini ya kwapa, linakuwa sketi yenyewe, vifungo vikikaa mbele. Lile pindo lake la kupinda ulinyooshe kwa mkasi, kwa sababu hapa unaunganisha kitu. La pili likate vipande virefu vyenye upana uleule, mgongo, mbele, hata mikono, uviunganishe mpaka upate mzunguko mara moja na nusu ya ule wa sketi. Kusanya marinda, shona chini. Kisha ule ukingo wa vifungo ushone kabisa kuanzia kiunoni hadi chini ya nyonga, maana ukikaa kwenye daladala vifungo hufunua mambo. Mfuko wa kifuani ukiwa chini ya mstari wa kukatia unakuwa mfuko wa sketi bure, ila ukiwa juu yake au mstari ukiupitia, ufumue uuhamishie ubavuni.

Jinzi inataka uvumilivu kidogo. Unafumua mshono wa ndani ya mapaja, na ule wa katikati mpaka nguo ilale bapa, unalaza upande mmoja juu ya mwingine, pembetatu inayobaki wazi unaiziba kwa kitenge au kwa kipande cha mguu uliokata. Weka sindano namba 16. Ya namba 14 inaweza kukatikia palipopandana mishono.

Huna cherehani? Wapo wale mafundi wanaopita mitaani na cherehani begani wakigonga mkasi. Kata mwenyewe, bana kwa pini, kisha mwite akupigie mishono iliyonyooka tu. Mkubaliane bei kabla hajaketi, na umpe uzi wa rangi yako, kwa sababu yeye huwa na mweusi na mweupe. Kuunganisha marinda mbele ya mlango wako hatakubali kwa bei hiyo, na ana haki. Hayo mpelekee fundi wa kibandani, umwachie na sketi unayoipenda awe nayo ya kupimia.