Dracula kitabuni na Dracula kwenye televisheni: swali kutoka Wete

SWALI: Nasomesha fasihi skuli ya sekondari hapa Wete. Nimekisoma kitabu cha Bram Stoker, Dracula, kinachomhusu mfu anayefyonza damu za watu, kisha nikaiangalia tamthilia ya BBC ya mwaka 2020. Sehemu ya pili, dakika 90 nzima, imo melini, na kitabuni safari hiyo ni kurasa chache tu. Mtawa ambaye kitabuni anapita tu amefanywa ndiye Van Helsing, yule daktari anayemwinda Dracula. Haya ni matakwa ya waandishi au kuna kanuni? Nauliza kwa sababu kikundi chetu cha maigizo kinataka kukifanya kitabu hiki tamthilia ya sehemu sita, za dakika 45 kila moja, iliyowekwa Pemba ya leo.

JIBU: Mwalimu, kanuni ipo, na inaanzia kwenye umbo la kitabu chenyewe. Dracula, kilichotoka 1897, hakina msimulizi mmoja. Ni rundo la karatasi: shajara ya Jonathan Harker, wakili kijana aliyekwenda kasri la Dracula, iliyoandikwa kwa hatimkato, barua za Mina mchumba wake na Lucy rafiki yake Mina, telegramu, vipande vya magazeti, na maneno ya Dk. Seward aliyoyarekodi kwenye fonografu. Dracula mwenyewe hana shajara. Zikishapita sura nne za mwanzo, zile za kasri, anapotea. Zinabaki sura 23, na ndani yake anaonekana kwa kupita: kivuli dirishani, mtu mrefu njiani, sauti gizani. Msomaji anaogopa kwa kuwa hamuoni.

Kamera haiwezi kufanya hivyo kwa muda mrefu. Mtazamaji amekaa kumtazama Dracula, na mtayarishaji amemlipa mwigizaji wa kumuigiza. Basi kitabu kinamficha, televisheni inamtoa hadharani, na takriban kila badiliko uliloliona linatokana na hapo.

Chukua hiyo meli, Demeter. Sura ya 7 inatupa daftari la nahodha, nalo limo ndani ya habari ya gazeti. Meli inatoka bandari ya Varna, Bulgaria, na masanduku 50 ya udongo na watu tisa: mabaharia watano, maofisa wawili, mpishi na nahodha. Wanapotea mmoja baada ya mmoja. Inapoingia Whitby, Uingereza, na tufani, aliyeshika usukani ni maiti ya nahodha, mikono imefungwa kwenye gurudumu pamoja na msalaba, na mbwa mkubwa anaruka kutoka sitahani na kutokomea. Katika daftari lile jina la Dracula halimo hata mara moja. Nahodha hajui amebeba nini. Sisi tunajua kwa kuwa tumetangulia kuisoma shajara ya Harker.

Waandishi wa 2020, Mark Gatiss na Steven Moffat, walimtoa Dracula sandukuni wakamfanya abiria. Anakaa na wenziwe, anazungumza nao, anawachagua. Hapo "muuaji ni nani?" haliwi tena swali kwa mtazamaji, kwa hiyo wakaweka fumbo jengine badala yake: ndani ya chumba nambari 9 mna nani? Abiria nao walibuniwa kwa sababu mabaharia wasio na historia hawawezi kubeba dakika 90. Unaweza kutoipenda sehemu ile, lakini hesabu yake ni sahihi: ukiondoa fumbo moja, lazima ulipe kwa jengine.

Agatha, yule mtawa uliyemtaja, naye ana sababu yake. Kitabuni ni mtawa wa hospitali ya Budapest anayemwandikia Mina kumjulisha kwamba Harker yuko hai. Kwenye tamthilia anamhoji Harker uso kwa uso, na mahojiano hayo yanafanya kazi iliyokuwa ya shajara. Mtu anayeandika peke yake mezani hana cha kuonyeshwa. Ukimwekea muulizaji asiyemwamini, maneno yaleyale yanakuwa mchezo. Nionavyo mimi, hilo ndilo badiliko bora kuliko yote katika tamthilia ile. Sehemu ya tatu, iliyohamia London ya siku hizi, siisifu kwa kiasi hicho.

Kuunganisha wahusika ni jambo la kawaida zaidi. Lucy ana wachumba watatu kitabuni: Seward, Arthur Holmwood na Mmarekani Quincey Morris. BBC walipoitengeneza 1977, Louis Jourdan akiwa Dracula, waliwachanganya wawili wa mwisho wakapata mtu mmoja, Quincey Holmwood, na Lucy na Mina wakawa ndugu. Wanaokolewa mwigizaji mmoja na maelezo mengi. Lakini angalieni kinachovunjika. Kitabuni Dracula anamfyonza Lucy, na wanaume wanne, wachumba hao watatu na Van Helsing, wanampa damu, kila mmoja kwa zamu yake. Ukipunguza wachumba umepunguza na damu. Na nyinyi mna tatizo la ziada: makundi ya damu yaligunduliwa na mwanasayansi Landsteiner mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya kitabu kutoka. Msomaji wa 1897 hakuuliza. Mtazamaji wa Chake Chake mwaka huu atauliza kabla sini haijesha, kwa hiyo daktari wenu lazima apime kwanza, na pengine asiyelingana ndiye huyo mchumba mwenyewe. Hapo mmepata mgogoro bila ya kuubuni kwa nguvu.

Kuhusu jua: Dracula wa Stoker hafi kwa jua. Anatembea mchana, ila nguvu zake zimepungua. Katika sura ya 13 Harker anamwona Piccadilly, mtaa wa London, mchana kweupe. Kifo cha jua kilikuja na filamu ya Kijerumani ya Nosferatu, 1922, na waandishi wa televisheni wanakipenda kwa kuwa kinaipa sini saa ya kuhesabu. Wala hauawi kwa kigingi. Harker anamkata koo, Morris anamchoma kisu cha moyo, anageuka vumbi.

Sasa kazi yenu. Kabla ya kuandika mazungumzo, chukueni karatasi kubwa mchore jaduweli: sura 27 kwa upande, wahusika kwa juu, na kila kisanduku muandike mhusika huyo anajua nini wakati huo. Waandishi wengi huruka hatua hii, ndiyo maana utamkuta Van Helsing akieleza jambo ambalo mtazamaji alishaliona sehemu mbili nyuma. Mgawanyo ninaoupendekeza: sehemu ya kwanza sura 1 hadi 4, ya pili 5 hadi 8, ya tatu 9 hadi 12, ikiishia kifo cha Lucy, ya nne 13 hadi 16, ikiishia kaburini kwake, ya tano 17 hadi 21, ya sita zilizobaki. Kadirieni ukurasa mmoja wa mswada kwa dakika moja.

Itakayokusumbueni ni ya tano. Imejaa vikao. Wengi wanaikata, na pamoja nayo wanakata jambo la maana: Mina anazipiga taipu karatasi zote, anazipanga kwa tarehe, na mpangilio huo ndio unaowaonyesha adui alipo. Ndiyo maana Dracula anapoingia nyumbani katika sura ya 21 anachoma karatasi na rekodi za fonografu, asijue kwamba nakala nyengine imo sefuni. Hiyo ni sini tayari. Kwa Pemba ya leo, karatasi ziwe ujumbe wa sauti wa WhatsApp, orodha ya mizigo ya Bandari ya Mkoani, daftari la nahodha wa jahazi. Simu ivunjwe, nakala iwe imeshatumwa kwa shangazi.

Sura ya 23 pia msiipoteze: Harker anamrukia Dracula kwa kisu, kisu kinapasua koti, noti na sarafu za dhahabu zinamwagika sakafuni, na Dracula anaziokota kabla ya kuruka dirishani. Mfu anayeokota pesa. Hakuna mazungumzo ya kubuni yatakayomweleza vizuri zaidi.

Popobawa, yule jini wa popo anayesimuliwa Pemba, muacheni. Najua mtashawishika, popo kwa popo. Lakini hofu ya 1995 wengi wanaikumbuka, watu walilala nje kwa makundi, na kanuni zake si za Stoker. Mkichanganya, mtazamaji atawasahihisha yeye.

Haki: Stoker alifariki 1912 na kitabu chake ni huru kutumiwa. Vilivyobuniwa baadaye vina wenyewe. Agatha mwenye jina la Van Helsing si wenu, wala mazungumzo ya tamthilia yoyote. Hata lile penzi la Dracula kwa mwanamke anayefanana na mkewe aliyekufa halimo kitabuni; lilikuwemo katika filamu ya televisheni ya Marekani ya Dan Curtis, iliyoonyeshwa 1974. Mswada ukikamilika upelekeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na kibali cha kupiga picha kiombwe mapema BASSFU, baraza la sanaa na sensa ya filamu, mkionyesha waziwazi sini za damu.

La mwisho ni mwanga. Kitabu kinamalizika kwa mbio za kuliwahi jua lisizame, Novemba, kwenye milima ya Ulaya ambako jioni hukawia. Pemba iko nyuzi tano kusini ya ikweta; jua linashuka wima na baada ya kuzama mnabakiwa na dakika zipatazo 20 za mwanga. Kupiga sini ya dakika nne hakuwezi kumalizika humo. Pigeni picha pana tu wakati wa machweo, kwa jioni tatu mfululizo, kamera na waigizaji mahali palepale. Picha za uso zipigwe alasiri kivulini, kitambaa cheusi kikizuia mwanga wa juu. Rangi ya kamera ifungeni kwa mkono. Mkiiacha ijichagulie, kila jioni itatoka na rangi yake na mhariri hataweza kuziunganisha.