Barua kwa mwanangu: kuiendesha nyumba mama akiwa zamu

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Hamisi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkaza mwanangu na wajukuu zangu hapo Lindi. Sisi huku tu wazima, na mama yako anawasalimu.

Ujumbe wako nimeusoma. Umeniuliza jinsi nilivyokuwa naiendesha nyumba nyakati mama yako alipokuwa akiingia zamu za usiku wodini, nanyi mkiwa wadogo. Unauliza kwa sababu mama Zuhura naye amemaliza likizo ya uzazi na kurudi hospitali, Zuhura yuko darasa la kwanza, Saidi hajatimiza miaka mitatu, mtoto mchanga ana miezi mitano, nawe unafika ofisini umechelewa na jioni unarudi bila kujua uanzie wapi. Jibu lake ni refu mno kwa simu, ndiyo maana nakuandikia.

Miaka yangu ya kutunza ghala la korosho ilinionyesha kwamba muda hauishii katika kazi yenyewe. Unaishia katika kutafuta vitu, katika kusimama ukiwaza cha kufanya, na katika kuifanya kila siku kazi ambayo ingefanywa mara moja kwa wiki. Kumvika mtoto sare ni jambo la dakika chache, lakini kuitafuta soksi ya pili chini ya kitanda, huku mchanga analia na maji ya chai yanamwagikia jiko, ndiko kunakokuchelewesha ofisini. Kwa hiyo mengi nitakayokueleza yanahusu kupunguza kutafuta na kuwaza, na machache yanahusu mahali ambapo hupaswi kuharakisha hata kidogo.

Zuhura anaporudi shuleni, kabla hajatoka kucheza, sare ivuliwe na kukaguliwa. Ikiwa safi itundikwe, na ikiwa chafu ifuliwe saa hiyo hiyo ili usiku uikaushe. Mnunulie sare ya pili kama hana, wala usiione fedha hiyo kuwa ya anasa, maana sare moja humfanya mzazi mtumwa wa jua. Mvua zitakapotushika, kuanzia Desemba hadi Aprili, mashati yatundike kwenye vitundikio vya nguo chini ya paa la baraza, kwa kuwa shati linalokauka likiwa limening'inia hivyo hunyooka lenyewe na mara nyingi halihitaji pasi. Kisha uwepo ubao wenye kulabu butu, uufunge ukutani karibu na mlango kwa kimo cha kifua cha mtoto: kulabu ya begi, ya sweta, ya chupa ya maji, na ya ufunguo wako iwe juu kidogo. Viatu vikae chini yake, soksi zikiwa ndani ya viatu. Mtoto wa miaka sita asiyefikia kulabu zilizopigwa kwa kimo cha baba yake atatupa begi sakafuni, na hapo hutakuwa na haki ya kumlaumu.

Usiku, kabla hujalala, chemsha maji ujaze chupa ya chai. Asubuhi yatakuwa bado na moto wa kutosha, kwa hiyo uji au chai havitaanzia kwenye maji baridi. Maji ya kunywa nayo yachemshwe jioni yapoe usiku kucha, na chombo chake kisichotwe kwa kikombe cha mtu yeyote. Mtungi wa gesi ukiufunga mpya, andika tarehe kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi ukibandike ukutani juu yake. Baada ya mitungi miwili au mitatu utajua wenu huchukua siku ngapi, nawe utaweka akiba ya fedha au ya mkaa kabla moto haujazimika sufuria ya ugali ikiwa jikoni. Ghalani tulifanya hivyo kwa kila mzigo ulioingia, na sikuona sababu ya kuacha desturi hiyo langoni.

Sasa chakula, ambacho ndicho kinachokula muda kuliko vyote. Watu wengi hupendekeza ratiba ya wiki nzima ibandikwe ukutani, leo hiki na kesho kile. Mimi siiamini sana ratiba ya namna hiyo kwa sisi wa pwani, kwa sababu kitoweo chetu hufuata bahari. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, pweza hupatikana kwa wingi na bei yake hushuka; siku za giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wa taa huleta dagaa na vibua; mbalamwezi ikikaza, usitegemee sana. Kwa hiyo panga siku za nafaka na kunde, lakini siku za samaki uziachie mwezi na maji. Ukikuta pweza wa bei nzuri, nunua wa kutosha, msafishe, umgandishe kwenye friji. Kugandishwa hulegeza nyama yake, nawe siku ya kumpika utaokoa mkaa na kile kipigo chote tulichokuwa tukimpa juu ya jiwe.

Mbaazi, kunde na choroko zichambue zote mara moja, siku mkeo yupo nyumbani na mnazungumza, kisha zihifadhi kwenye makopo yenye vifuniko. Mbaazi unazotaka kupika kesho ziloweke leo usiku, na asubuhi maji hayo yamwage. Ukipika, pika za siku tatu bila nazi na bila chumvi, zigawe katika vibakuli, ugandishe. Kila jioni unatoa kibakuli kimoja na kukiunga. Nazi vilevile: kukuna nazi moja kila siku ni mateso, lakini ukikuna nne kwa mkupuo, ukachuja tui na kuligandisha katika vikombe vidogo, umemaliza habari ya nazi kwa siku kadhaa. Kitunguu saumu na tangawizi vitwange pamoja, utie chumvi na mafuta kidogo, uviweke kwenye chupa ndani ya friji, wala visikae humo zaidi ya siku chache.

Lipo pia kapu la joto, ambalo mama yako alilipenda kuliko chochote nilichowahi kukileta jikoni. Chukua kapu kubwa, litandike blanketi kuukuu. Mbaazi zilizolowekwa zichemke kwa nguvu dakika kumi na tano hivi, funika sufuria barabara, itie ndani ya kapu, izungushie blanketi pande zote na juu, kisha uende zako. Zitaendelea kuiva zenyewe kwa joto lililomo bila mkaa na bila mtu wa kuzilinda. Ukirudi baada ya saa tatu au nne, zichemshe tena vizuri kabla ya kula. Maharage mekundu usiyatie kapuni kabla hayajatokota kwa dakika kumi kamili, kwa maana yana sumu ambayo joto dogo haliiondoi.

Hapo ndipo nifikie pale pasipostahili kuharakishwa. Samaki, hasa vibua na jodari, akiachwa kwenye joto hujitengenezea sumu ambayo hata ukimkaanga haitoki. Kwa hiyo ukirudi kutoka feri kununua samaki, kumsafisha na kumweka kwenye baridi ndiyo iwe kazi ya kwanza, salamu za majirani zisubiri. La pili ni muhogo. Unajua jinsi tunavyoupenda ugali wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa, lakini muhogo mchungu unahitaji kulowekwa na kuanikwa mpaka ukauke sawasawa, na kisamvu kinahitaji kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa mkoa wetu huu wa Mtwara walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu, kwa sababu ya kula muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo wakati chakula kingine kilikuwa haba. Ukinunua unga usiojua ulivyoandaliwa, changanya na maji, utandaze tabaka jembamba kwenye sinia, uache kivulini kwa saa tano ndipo upike ugali siku hiyo hiyo. Huo ni muda, najua, lakini ni muda ambao unga unajishughulikia wenyewe wakati wewe uko ofisini, alimradi yupo mtu wa kuulinda na kuku.

Kuhusu mchanga, mwenzako asihangaike peke yake. Miezi yake sita haijatimia, kwa hiyo maziwa ya mama yanamtosha bila maji wala uji, na kazi yako ni kuhakikisha yanamfikia. Mama Zuhura akamue kabla ya kwenda zamu na akiwa huko. Kwa joto la Lindi maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa nne, na bora yapungue hapo. Ndani ya friji, sehemu ya nyuma na si mlangoni, hukaa hadi siku nne. Mnyweshe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa yenye chuchu. Wengine watakuambia kikombe kinachelewesha, lakini wanahesabu dakika za kunywesha na kusahau dakika za kusugua chuchu na kuichemsha, na chuchu isiyosafishwa vizuri ndiyo inayoleta kuharisha. Tena mkumbushe kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha muda wa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Azungumze na kiongozi wa zamu mapema, muda huo upangwe, usiwe wa kuombwa kila siku kama hisani.

Wekeni mfuko mmoja wa hospitali usioguswa kwa shughuli nyingine: kadi za kliniki za watoto wote, kadi ya bima kama mnayo, kanga moja, fedha ya bajaji, pakiti za ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha, na vidonge vya zinki. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi, si nusu, si kwa kukadiria, kwa hiyo tafuta chupa ya lita uiweke pamoja nazo. Pakiti zikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja hufaa hadi mfike kituoni. Zinki kwa Saidi ni miligramu 20 kwa siku, kwa mchanga 10, nazo huendelea siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma, jambo ambalo wazazi wengi hulipuuza. Homa ikipanda usipoteze usiku kubahatisha dawa, chukua mfuko ule mwende mkapime malaria.

Watoto nao wafundishe kazi. Zuhura anaweza kuchambua choroko, kukunja nguo za mdogo wake na kupanga sahani. Saidi anaweza kubeba kitu kimoja kutoka chumba hiki hadi kile, nacho anapenda sana kuliko vitu vya kuchezea. Wiki za mwanzo watakuchelewesha, na kishawishi cha kuwaambia watoke jikoni kitakuwa kikubwa. Vumilia, ila wasikaribie moto wala sufuria ya maji ya moto. Jioni wafuate mpangilio uleule: kuoga kabla jua halijazama, kula, kupiga mswaki, chandarua kuchomekwa chini ya godoro. Mtoto anayejua kinachofuata habishani nawe.

Juu ya yote, asubuhi mwenzako anaporudi kutoka zamu ya usiku asikute vyombo vya jana. Alale. Wapo watakaosema mwanamume hapaswi kuonekana akianika nepi. Hata mimi walinisema hapa Mikindani, na baadhi yao baadaye walikuja kuniuliza habari za lile kapu.

Kwa wiki hii anza na ubao wa kulabu na karatasi ya mtungi, hayo mawili tu, na Jumapili muanze kupika mbaazi za akiba. Nakutumia kupitia kondakta wa basi la asubuhi kifurushi chenye kilo tano za mbaazi za mwaka huu, ubao uliokwisha kupigwa kulabu, na blanketi ambalo mama yako anasema ndilo lililokuwa kapuni. Mbaazi zianike tena juani siku moja kabla ya kuzitia kwenye makopo, kwa sababu huku mvua ya ghafla ilizikuta uani. Unipigie ukishakipokea, nami nitakuelekeza kimo cha kuufunga ubao.

Ni mimi baba yako.