Maji machafu ya dampo: pimeni amonia kabla ya kuchimba mabwawa

Ndugu mleta uzi, umeuliza iwapo mabwawa yaliyopandwa matete yatatosha kusafisha maji meusi yanayochuruzika kutoka dampo la manispaa yenu kabla hayajafika mtoni. Nimeendesha mtambo wa kutibu maji ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, na naamini matete yanafaa kuwa hatua ya mwisho, si ya kwanza.

Maji haya hubadilika kadiri dampo linavyozeeka. Taka zikiwa changa, yanajaa asidi za uozo ambazo bakteria huzila kwa urahisi. Uwiano wa BOD (oksijeni ambayo bakteria huhitaji kula uchafu) kwa COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wote kwa kemikali) mara nyingi huzidi 0.5, na bwawa la kina kirefu lisilo na hewa hupunguza sehemu kubwa ya uchafu, hasa katika joto letu. Dampo likishakuwa kongwe, uwiano huo huweza kushuka chini ya 0.1, kwa kuwa kilichobaki ni masalia magumu ya rangi ya kahawia ambayo bakteria hawayawezi. Amonia, hata hivyo, haiondoki. Hubaki kwa mamia ya miligramu kwa lita, pengine zaidi ya elfu moja, kwa miongo mingi hata baada ya dampo kufungwa, nayo ndiyo huua samaki na ndiyo itakayounguza matete yenu.

Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati wapo, lakini huzaliana polepole mno, kwa hiyo anayetoa ovyo tope wanamoishi kwenye tangi la kupuliza hewa huwapoteza wote. Kila gramu ya nitrojeni iliyo kwenye amonia huwadai takriban gramu 4.6 za oksijeni, na hula takriban gramu 7 za alkalini, yaani akiba ya maji ya kuzima asidi. Alkalini ikiisha, pH huanguka (maji huwa na asidi) na kazi husimama, ndipo tulipokuwa tukiongeza magadi. Fosforasi nayo huwa haba katika maji ya dampo, ilhali viumbe hawa huihitaji ili wakue.

Kila asubuhi nilikuwa nikijaza maji ya tangi kwenye silinda ya lita moja na kuyaacha yatulie kwa dakika 30. Tope lenye afya hushuka kwa pamoja na kuacha maji angavu juu yake. Likishuka vizuri, kisha baada ya muda likapanda tena na vipovu vidogo, ni dalili kwamba nitrati inageuzwa kuwa gesi ya nitrojeni mahali pasipotakiwa. Hapo tulirefusha kipindi cha kuzima vipulizia hewa ili nitrati igeuzwe ndani ya tangi lenyewe, na kuongeza molasi kidogo, kwa sababu bakteria wa hatua hiyo wanahitaji kaboni, na maji ya dampo kongwe hayana kaboni inayolika.

Kwa hiyo, kabla ya manispaa kutoa zabuni, ombeni sampuli zichukuliwe wakati wa kiangazi na wakati wa masika, zipimwe BOD, COD, amonia, pH, alkalini na fosforasi. Amonia ikiwa mamia, anzeni na tangi la kupuliza hewa, matete yafuate baadaye. Na mifereji ya kuzuia maji ya mvua yasiingie kwenye taka ichimbwe mapema, kwani ni nafuu kuliko tangi lolote na hupunguza ujazo wa maji mtakayolazimika kuyatibu.