Jibu: Toleo jipya la plagini ya Obsidian haliwafikii watumiaji

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: plagini (programu-nyongeza) yako ya Obsidian, ile programu ya kuandika madokezo, kwako inafanya kazi, ila toleo jipya uliloweka GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, haliwafikii watu, na mmoja analalamika inagoma kwenye simu.

Kabla hujagusa msimbo, fungua manifest.json, faili lenye maelezo ya plagini, uangalie namba ya toleo. Ikiwa humo ni 1.0.1, lebo (tag) ya toleo kule GitHub iwe 1.0.1 vilevile, bila "v" mbele. Tuliozoea v1.0.1 kwenye miradi mingine hapo ndipo tunaponaswa. Pia kwenye toleo hilo la GitHub ambatisha main.js (msimbo wenyewe wa plagini) na manifest.json kila moja peke yake. Zikiwa ndani ya zipu tu, Obsidian haizichukui.

Suala la simu, sijaona msimbo wako, lakini kama unaita moduli za Node (mfumo wa kuendesha JavaScript kwenye kompyuta) kama fs, ya kusoma na kuandika faili, kwenye simu hazipo. Tumia Vault API, njia ya Obsidian yenyewe ya kusoma na kuandika faili, au kwenye manifest.json weka isDesktopOnly kuwa true, yaani plagini iwe ya kompyuta tu. Mimi ningehangaika na ya kwanza, maana watu wengi huku simu ndiyo kompyuta yao.

Huyo mlalamikaji mjibu leo, hata kabla hujarekebisha. Mwombe akutumie ujumbe wa kosa, kisha akujaribie toleo lijalo kwa kutumia BRAT, plagini ya kusakinisha matoleo ya majaribio, kabla hujalitangaza.