Vijana waoga wanabaki pembeni ya uwanja

Umeuliza ufanyeje ili, kati ya vijana unaowasimamia, wasiojua mpira nao wacheze. Achana na 11 kwa 11. Humo mgeni anaweza kumaliza kipindi kizima bila kugusa mpira. Panga wanne kwa wanne, bila kipa, uwanja wa kama mita 30 kwa 20, mechi za dakika 8, kisha changanya timu upya. Manahodha wasichague wachezaji: anayebaki wa mwisho wiki ijayo humwoni, wala hatakwambia kwa nini. Panga timu mwenyewe kwa kugawa vizibao vya rangi.

Aliyenyamaza ghafla mfuate kando, msikilize, usimhoji mbele ya wenzake. Akigusia kujidhuru, usimwahidi kutunza siri; siku hiyohiyo mwunganishe na mshauri nasaha.