Bondia wa Kipaji Akianza Kuchuja: Dalili Huanza Kabla Hajaangushwa

Ukikaa na mashabiki wa ndondi Nakuru, hasa wa rika linalomkumbuka Philip Waruinge, bondia wa Kenya wa miaka ya 1960 na 1970, utasikia kauli moja ikirudiwa: fulani alichuja usiku mmoja. Jana simba, leo kapigwa na mtu wa kawaida. Mfano wao mkubwa ni Mmarekani Roy Jones Jr. Tangu aingie ndondi za kulipwa mwaka 1989 hadi Mei 2004 alikuwa ameshindwa mara moja tu, tena kwa kuondolewa na refa baada ya kumpiga mpinzani aliyekuwa amepiga goti. Machi 2003 alipanda hadi uzito wa juu akamshinda John Ruiz. Halafu tarehe 15 Mei 2004, akiwa na miaka 35, Antonio Tarver akamwangusha raundi ya pili kwa ngumi moja ya kushoto. Septemba mwaka huohuo Glen Johnson akamlaza raundi ya 9.

Hilo la "usiku mmoja" si kweli, na makocha wakiliamini huwaponza vijana wao.

Mtu mzima mwenye afya akiona taa ikiwaka huchukua takriban sekunde 0.2 kubonyeza kitufe. Ngumi ya mbele ya bondia mzuri hufika katika muda usiopishana sana na huo. Kwa hiyo hakuna anayekwepa ngumi kwa kuiona ngumi yenyewe. Anayekwepa ameona kitu kabla: bega limecheza, goti la mbele limelegea, kiwiko kimefunguka. Bondia wa kawaida hujifunza kusoma mambo hayo akiwa na miaka 16 kwa sababu asipoyasoma atapigwa. Mwenye kipaji huchelewa kusoma na bado akaponea, maana mwili wake una kasi ya kufidia. Kocha anaona amekwepa, anapiga makofi, na somo linaishia hapo. Mgema akisifiwa.

Chukua hesabu ya mfano. Akiwa na miaka 25, ngumi humpita kidevu kwa sentimita 8. Akifika 30 zimebaki 4. Akifika 33 imebaki 1. Kwa jaji wa pembeni hizo zote ni kitu kimoja: ngumi imekosa. Rekodi yake haijaguswa, na mtaani bado anaitwa mfalme. Miaka miwili inayofuata anapoteza sentimita 2 nyingine, karibu mwendo uleule aliokuwa akipoteza siku zote, ila safari hii ngumi inatua. Kilichobadilika ghafla ni matokeo. Mwili ulikuwa ukishuka mteremko uleule.

Ndiyo maana mtindo wa mikono chini ni deni. Jones alisimama mikono ikiwa kiunoni, akakwepa kwa kuvuta kichwa nyuma moja kwa moja, akarusha ndoano, yaani ngumi ya kupinda, kutoka mbali bila kutanguliza ngumi ya kunyoosha. Kila moja ya hizo ni kosa la kitabuni, na kila moja ilifanya kazi kwa sababu ya kasi. Kichwa kinachovutwa nyuma kina njia moja tu: kikifika mwisho wa kiuno, ngumi ya pili inakikuta kimesimama. Na ukirusha ndoano ya mbali ikachelewa kidogo, umempa mpinzani taya lako likiwa wazi.

Vitu haviondoki vyote pamoja. Kinachotangulia ni miguu. Misuli ya kasi hupungua kabla ya misuli ya kuvumilia, kwa hiyo mtu anaweza kukimbia kilomita 10 kupanda kuelekea Menengai kwa muda wake wa zamani, na bado hatua yake ya kutoka pembeni ikawa imekufa. Kisha hufuata majira: anaiona nafasi, mkono unafika nafasi ikiwa imefungwa. Nguvu ya ngumi huondoka mwisho kabisa. George Foreman alimwangusha Michael Moorer raundi ya 10 mwaka 1994 akiwa na miaka 45, baada ya kuwa nyuma kwa pointi karibu pambano zima.

Hapo ndipo kocha hudanganyika. Gunia linalia vilevile. Pedi zinalia vilevile, na ukumbi mzima unageuka kutazama. Gunia halirudishi ngumi. Ukitaka kumjua bondia wa miaka 31, achana na gunia, mtazame raundi ya nne ya sparingi, yaani pambano la mazoezi.

Mtazame hivi. Mpake Vaselini usoni kabla ya kuanza, kisha umwangalie akitoka. Pale ilipofutika ndipo anapopigwa. Ikifutika shavu la kushoto pekee wiki tatu mfululizo, mkono wake wa kushoto unarudi ukiwa chini. Mweke kijana mmoja pembeni na daftari la shule, apige mstari kwa kila ngumi safi inayotua kichwani, raundi kwa raundi. Usihesabu anazorusha yeye, hizo zitakupumbaza. Kama Januari alikuwa akipokea 4 kwa raundi na Juni anapokea 9 kutoka kwa wapinzani walewale wa mazoezini, una jibu lako hata kama hajashindwa pambano lolote.

Kipimo kingine hakigharimu kitu: rula ya sentimita 30. Bondia ananing'iniza mkono ukingoni mwa meza, kidole gumba na cha shahada vimeachana kidogo kwenye alama ya sifuri. Unaiachia bila kumwambia, naye anaidaka. Akiidaka kwenye sentimita 15 ametumia kama sekunde 0.17, kwenye 20 ni sekunde 0.20, kwenye 25 ni karibu sekunde 0.23. Fanya mara 10, tupa mbili za kwanza, chukua wastani. Pima saa ileile kila mwezi, kabla ya mazoezi, kisha upime tena baada ya raundi 6. Usimlinganishe na mwenzake, mlinganishe na yeye mwenyewe. Makocha wengi huishia hapo, lakini ulingoni mtu hadaki tu, anachagua. Basi shika rula mbili juu ya mikono yake miwili, uachie moja. Kipimo hicho cha pili ndicho huanza kuharibika mapema.

Angalizo dogo kwa wanaotoka Kisumu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850. Bondia wa miaka 32 akija kufanya sparingi Nakuru siku ya pili baada ya kufika, atahema kama mzee. Usimwandikie cheti cha kifo. Mpe siku 10 ndipo umpime.

Sasa uzito, ambao kwa maoni yetu humaliza mabondia wengi kuliko umri wenyewe. Jones alipima ratili 193 dhidi ya Ruiz, na miezi minane baadaye alishuka tena hadi 175 kupambana na Tarver mara ya kwanza, yaani kama kilo 8. Alishinda kwa shida, na ule wepesi haukuonekana tena. Mwili wa miaka 24 hulipa deni la namna hiyo. Wa miaka 34 hautofautishi mafuta na misuli ya kasi, unatoa vyote. Bondia wa kilo 60 aliyevuka miaka 30 asizidi kilo 63 au 64 hata wakati hana pambano. Ashuke nusu kilo kwa wiki, si zaidi, kwa kupunguza ugali na chapati za jioni huku akibakiza mayai, omena na ndengu. Mambo ya kukimbia umevaa nailoni ndani ya jaketi, kutema mate kwenye kopo na kunyimana maji ni hatari: mwili uliokauka haurudi sawa kwa chupa mbili za maji baada ya mizani, na kichwa kilichokauka hakivumilii konde.

Ratiba nayo ibadilike. Kijana anaweza sparingi nzito mara tatu kwa wiki. Ukivuka 30, mara moja yatosha, raundi 4 hadi 6, na zipite saa 72 kabla ya kazi nyingine nzito ya kasi. Mbio ndefu zipunguzwe. Badala yake tafuta mteremko, upande kwa kukimbia mita 50 kwa nguvu zote mara 8, ukishuka kwa kutembea, mara mbili kwa wiki. Ukihisi kasi imeshuka mara ya sita, acha hapo hapo. Za uchovu hazijengi kasi. Na wengi wa mabondia wetu ni walinzi wa usiku au wako boda boda hadi saa sita usiku. Anayelala kwa saa nne tu kisha aje sparingi asubuhi anapima usingizi wake, hapimi ndondi. Mhamishie mazoezi jioni.

Ufundi unaorudishwa ni ule uliorukwa akiwa kijana, na uanze akiwa na miaka 27 au 28, bado anashinda. Baada ya kipigo atakusikiliza, lakini miguu ya kujifunzia haipo. Funga kamba usawa wa bega kutoka nguzo hadi nguzo, mita 4, apite chini yake kwa magoti, kushoto na kulia, raundi 3. Akiinamia kiuno badala ya magoti, mrudishe mwanzo. Mwekee mpira wa tenisi chini ya kidevu wakati wa kupigana na kivuli. Mpe raundi 2 za sparingi akitumia mkono wa mbele pekee, apate pointi bila kurusha ndoano hata moja. Mfundishe kukumbatia: kichwa chini ya kichwa cha mpinzani, mkono mmoja juu ya msuli wa mkono wake, uzito wako wote umwegemee. Mwenye kipaji hudharau kukumbatia, anaona ni kazi ya waoga.

Bernard Hopkins hakudharau. Mei 1993 Jones alimshinda kwa pointi bila wasiwasi mkubwa. Hopkins hakuwa na kasi ile, basi akajijenga kwa vitu visivyooza haraka: umbali, ngumi ya mbele, kukumbatia, uzito usiopanda na kushuka. Mwaka 2011 alimnyang'anya Jean Pascal taji la dunia la chama cha WBC akiwa na miaka 46, na Machi 2013 akamnyang'anya Tavoris Cloud la chama cha IBF akiwa na 48. Waliporudiana na Jones, Aprili 2010, Hopkins mwenye miaka 45 alimshinda kwa pointi Jones mwenye 41. Halikuwa pambano tamu, ila nani alikuwa mzee zaidi ulingoni lilionekana wazi.

Kuna dalili ambazo si za kurekebisha kwa kamba wala rula. Ngumi nyepesi ya mazoezini inamlegeza magoti. Kichwa kinamuuma hadi kesho yake. Anarudia swali alilouliza dakika tano zilizopita, maneno yanakuwa mazito mdomoni. Mwambie atembee mita 3 kwenye mstari wa chaki, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba bila kuwa amechoka, mwondoe ulingoni siku hiyo na umpeleke kwa daktari wa neva, si kwa mkandaji. Aliyeangushwa kwa konde la kichwa, hata kama ilikuwa mazoezini na hakuna aliyeandika, asipigwe kichwani kwa angalau siku 30. Andika tarehe kwenye lile daftari la Vaselini na mistari, maana yeye atakwambia ilikuwa zamani.