Kuchora mistari ya vipimo kwenye pete ya chuma ukiwa na gia au karatasi tu

Pete ya vipimo ya mashine ya kukereza, ile yenye mistari kwenye mpini unaozungusha skrubu ya kusogeza kisu, ikishafutika, fundi anakata kwa kukisia, na kwa mashine kuukuu pete nyingine ni shida kupatikana. Ichore mwenyewe. Nimechora kadhaa, na ninachosisitiza ni kimoja: usigawe pete kwa kuhamisha bikari hatua kwa hatua. Kwa mistari 100, kosa la milimita 0.05 kila hatua linafika milimita 5 ukirudi ulikoanzia. Tafuta kitu ambacho tayari kimegawanywa sawasawa, unakili.

Gia inafaa kuliko vyote. Pima kwanza skrubu: ikisogea milimita 2 kwa mzunguko mmoja, mistari 100 inakupa milimita 0.02 kwa kila mstari. Funga gia ya meno 100 nyuma ya spindo (mhimili unaozungusha kazi), bana pete mbele, kisha chomoa umeme kabisa. Kipande cha chuma chenye ncha ya kabari kiingie kati ya meno mawili na kuyagusa yote mawili. Kikicheza, mistari itapishana. Kisu chenye ncha ya V kilaze ubavu, usawa wa kitovu cha pete. Hakuna kinachozunguka hapa. Unasukuma kisu kwa mkono kutoka ukingoni kuingia ndani, kina cha milimita 0.1 hivi, unarudisha, unahamia jino linalofuata.

Urefu wa mistari naudhibiti kwa kizuizi kinachosimamisha kisu na vipande viwili vya bati mbele yake. Vyote viwili vikiwepo, mstari ni mfupi. Nikitoa kimoja, napata mstari wa tano. Nikitoa vyote, wa kumi. Macho hayahitaji kupima chochote.

Gia ikikosekana, kuna karatasi. Izungushie pete hadi ipandane, toboa kwa sindano penye tabaka mbili, ikunjue: umbali kati ya matundu ndio mzingo. Kuzidisha kipenyo kwa 3.1416 hupunja kidogo, maana karatasi ina unene. Pete ya milimita 50 inatoa kama 157, namba isiyogawanyika kirahisi kwa rula. Basi chora mistari miwili sambamba yenye umbali huo, laza rula kimshazari hadi 0 iguse mmoja na milimita 200 iguse wa pili. Tia alama kila milimita 2, kisha kutoka kila alama piga mstari sambamba na ile miwili. Gundisha karatasi kwenye pete, fuatisha kwa msumari mkali wa kuchorea. Kwa kipimo cha nyuzi za pembe kwenye mashine ya kukunjia mabomba inatosha. Kwa kukereza kiti cha beringi, siikubali.

Namba zigonge pete ikiwa imevaa shafti inayoijaa, isije ikabonyea. Namba 8 inataka pigo zito kuliko 1. Pitisha msasa laini, paka rangi nyeusi ya mafuta, kisha futa juu kwa karatasi ngumu iliyoloweshwa thina kidogo. Kitambaa laini huchota rangi hadi ndani ya mistari.